Barette ya Nukta Tatu

Mashine ililia mara tatu, ikanyamaza, kisha ikalia tena. Kioo chake kilibaki cheusi. Mtu aliyekuja nayo alisimama katikati ya karakana ya Sikuli, pale Ndosho, amevaa koti la kijeshi lisilo na alama yoyote, bastola kiunoni, akamtazama fundi kana kwamba kelele ile imetoka kinywani mwake.

Watu wa barabara ile walimwita Afande, na hakuna aliyetaka kujua zaidi ya hapo. Alikuwa amekuja na mtu wake mmoja wa kiraia, mnene, aliyepakata kompyuta hiyo kwenye pikipiki: kompyuta ya mezani, nzito, ya aina ambayo maofisi ya Goma yaliacha kununua miaka mingi iliyopita. Maelezo yao yalikuwa mafupi. Mashine ilikuwa inawaka vizuri, ila polepole. Mnene akanunua barette mpya ya memoire, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya kompyuta, yenye uwezo mkubwa kuliko za zamani. Ndani mlikuwa na barette mbili. Akang'oa moja, akaitupa, akachomeka mpya mahali pake. Tangu siku hiyo mashine ni kulia tu.

"Nataka iwake, na iende mbio," Afande alisema. "Usinirudishie vile ilikuwaka. Saa kumi nakuya. Kama haiwake, nitabeba mashini na fundi."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Sikuli akajibu ndiyo Afande, akarudia ndiyo Afande, na hilo la pili hakuna aliyemwomba. Katungu, mkewe, alikuwa mezani kwake nyuma ya mashine ya kazi, ile ambayo kwayo waliwachapia watu barua, vyeti na mialiko ya harusi. Vidole vyake viliendelea kugonga herufi ili aonekane ana shughuli. Alipokuja kusoma baadaye alikuta ameandika upuuzi mtupu chini ya jina la bwana harusi.

Pikipiki zilipoondoka, jirani muuza mkaa aliyekuwa ameegemea mlango wao tangu asubuhi naye akaondoka bila kuaga.

Sikuli alifungua ubavu wa mashine. Vumbi jeusi la mlima wa moto, lile linaloingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa, lilikuwa limejaa ndani. Katungu alileta brashi, kama kawaida yao, akainama kupangusa. Brashi ikasimama hewani.

Kwenye barette ya zamani iliyobaki palikuwa na nukta tatu za rangi ya kucha, zambarau yenye kumetameta, zimepangwa kama mawe ya jiko.

Rangi ile ilikuwa yake. Mtu akipeleka kompyuta kwa fundi katika mji ule haachi tu mashine, anaacha na wasiwasi. Kila mmoja amesikia habari za fundi aliyeng'oa barette nzuri akarudisha mbovu. Ndiyo maana Katungu alijibunia utaratibu wake: mashine hufunguliwa mbele ya mwenyewe, naye anachukua chupa yake ya vernis aliyonunua Gisenyi, anatia alama kwenye kila barette, kila mteja na alama yake, na mteja anaiona kwa macho yake. Watu walicheka mwanzoni. Baadaye walianza kuvuka mitaa miwili mitatu yenye mafundi wengine ili waje kwa fundi ambaye mkewe anapaka mashine kucha. Kwa chupa ile ile alipaka kucha za vidole vyake, na asubuhi hiyo vilikuwa vimepakwa vyote kumi.

Nukta tatu zilikuwa za Lévi.

Lévi alikuwa karani wa shule moja ya mtaa wa Mapendo, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusimulia. Watu walimfuata nyumbani kwake wakati wa chakula, wakamchukua yeye na mashine yake, na tangu hapo hakuna aliyejua yuko wapi. Mkewe Uwitonze, ambaye wote walimwita mama Igihozo kwa jina la mtoto wao, alikuwa akipika kila siku, anatia chakula kwenye gamelle ya bati, anaifunga kwa kitambaa, na kuzunguka mjini kwenye malango yanayosemekana kufungia watu. Wanawake wote wa Goma wanajua maana yake. Hakuna mlinzi atakayekujibu ukimuuliza juu ya mtu. Lakini ukitaja jina na kunyosha chakula, lango likikipokea, mtu wako yumo. Likikirudisha, endelea na safari. Uwitonze alipita mbele ya karakana yao mara nyingi na gamelle yake, na unaona kwa mkono unavyoning'inia kwamba bado imejaa. Katungu, Mungu amsamehe, siku nyingine alijifanya kuokota kitu chini ya meza mpaka apite.

"Ni ya Lévi," alisema sasa, kwa sauti ya chini.

"Nimeona."

"Ni hawa ndjo walimubeba."

"Nimekuambia nimeona," Sikuli alisema. "Pangusa. Hatuko tunajua kitu."

Lakini bisibisi ilimwanguka, akaiokota, ikamwanguka tena, naye ni mtu ambaye Katungu aliwahi kumwona akiunganisha waya mwembamba kama unywele huku mabomu yakilia upande wa Sake.

Akaanza kazi. Kwanza alitoa barette zote mbili, akasugua yale meno ya dhahabu yanayoingia tunduni kwa kifutio cha shule, akayapuliza, akarudisha. Mashine ikalia. Akahamisha mpya kwenye tundu la pili, ikalia. Akaiacha mpya peke yake, ikalia vile vile, mara tatu. Hapo Sikuli akaitoa mpya, akabaki na ile ya nukta tatu peke yake. Mashine ikavuta pumzi, feni ikazunguka, kioo kikawaka.

Picha ikatokea. Lévi amevaa suti iliyompwaya, Uwitonze kando yake, na katikati mtoto Igihozo katika nguo nyeupe ya ubatizo, amekunja uso. Sikuli akaizima haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Kumbe inawaka," Katungu alisema. "Si umurudishie hivi?"

Sikuli alitikisa kichwa. Kumrudishia hivi ni kumrudishia ikiwa polepole kuliko alivyoikuta, huku barette aliyoinunua kwa pesa yake iko pembeni. Afande angeona nini? Angeona fundi aliyeshindwa, au fundi mwizi, na vyote viwili vilikuwa na safari moja. Akaichukua ile mpya, akamwonyesha mkewe. Upande mmoja ulikuwa na vidude vyeusi vinane, vikubwa; upande wa pili ulikuwa mtupu. Akamwonyesha ya Lévi: vidude vinane huku, vinane kule, vidogo.

"Mpya haikufa," alisema, akigonga kile kibao kikubwa ambamo barette huchomekwa. "Ni hii carte mère ndjo ya zamani, haijue kusoma bile bikubwa. Inataka bidude kumi na sita, ile tu ya pande mbili. Namna gani nitaelezea mutu ya bastola?"

Alimpigia simu rafiki yake Guylain wa Birere, ambaye ana mfuko mzima wa barette za zamani. Guylain alisema anazo, tena nyingi, za pande mbili, atazileta mwenyewe. Kisha akauliza mashine ni ya nani. Sikuli alipomwambia, mtandao ukaanza kumsumbua Guylain. Akasema haloo, haloo, hasikii vizuri, na simu ikakatika. Walipopiga tena haikupatikana. Sikuli hakumtukana. Alikaa tu akiitazama simu, na Katungu alijua anawaza kwamba naye angefanya hivyo hivyo.

Ilibaki mashine ya kazi. Ilikuwa ya umri ule ule, na ndani yake mlikuwa na barette mbili za pande mbili, moja kubwa kwa uwezo na moja ndogo. Hizo ndizo zilizokuwa zikiwalisha na kuwanywesha nyumbani mwao: ada ya shule ya binti yao Prodige, unga, kodi ya karakana, vyote vilipita hapo. Sikuli hakumwomba mkewe ruhusa, na mkewe hakumwambia hapana. Alihifadhi mwaliko wa harusi na makosa yake yote, akazima, akamsogezea mumewe.

Barette kubwa ya nyumba ikaingia kwa Afande, kando ya ile ya nukta tatu. Feni, kimya kidogo, kioo. Mashine ikahesabu memoire yake yote bila kulalamika. Lévi na Uwitonze wakatokea tena, safari hii papo hapo, na mtoto wao aliyenuna.

Sikuli aliizima, akaegemea ukuta, akafumba macho. Katungu hakupata nafuu yoyote. Alikuwa akiitazama ile barette yenye rangi yake.

"Tuiondoshe," alisema. "Tuweke ile yetu ndogo mahali yake. Hii nimupelekee mama Igihozo."

"Ya kufanya nini?"

"Ajue ni nani alibeba bwana yake. Mutu akimuambia tu, hatasadiki. Wamemuambia mambo mingi. Hii aliona vile niliipaka, alikuwaka pale amesimama na mutoto mugongoni."

Sikuli alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Alimwuliza kama anataka Prodige arudi kutoka shuleni akute nyumba tupu. Akamkumbusha kwamba miaka yote hii wameishi kwa neno moja, kwamba hapa kipande cha mtu hakibadilishwi, na leo anataka wamuibie mtu wa namna ile. Mwisho akasema hapana, basi, na tumbo likamkata papo hapo. Akatoka mbio kuelekea choo cha uani, mkono kiunoni, mtu mzima mwenye mvi.

Katungu alibaki peke yake. Kwanza alitafuta chupa ya dissolvant na pamba, akaanza kufuta kucha zake, maana ilikuwa imemjia ghafla kwamba anayetembea na ushahidi ni yeye. Alisugua kwa nguvu mpaka ngozi ikawaka. Alipomaliza alisikia woga umezidi badala ya kupungua, na katikati ya woga huo alimwona Uwitonze akipita na mkono wake mzito, naye yuko chini ya meza akijifanya kutafuta kalamu. Akajionea aibu. Akasimama.

Alikuwa ameona mumewe akifanya mara elfu. Akasukuma vishikizo vya pembeni, barette ya Lévi ikaruka juu. Akaifunga katika pindo la kitenge. Akachukua ile ndogo ya nyumba, isiyo na alama, maana vitu vyao wenyewe hawakuvitia alama, akaichomeka, akakandamiza, akafunga ubavu wa mashine.

Wakati huo huo akasikia pikipiki. Saa kumi ilikuwa bado mbali.

Sikuli aliingia kwa mlango wa uani akikausha mikono, Afande na Mnene wakaingia kwa mlango wa barabara. Afande alisema wasimame hapo hapo walipo, fundi aiwashe. Sikuli akawasha, karibu na tabasamu, kwa sababu alijua ameiacha inawaka.

Mashine ililia mara tatu.

Ikalia tena. Mnene alivuta kiti, akakaa mlangoni, akaujaza mlango wote. Afande alimgeukia Sikuli pole pole.

"Beba koti yako," alisema.

"Afande, dakika moja. Moja tu, nakusihi."

Sikuli alipiga magoti kando ya mashine, akaizima, akafungua, akachungulia. Katungu aliona bega lake likiganda. Ameiona, barette isiyo na rangi, na ameelewa yote. Mumewe aligeuza kichwa, akamtazama kwa muda mfupi sana, na katika mtazamo ule hamkuwa na hasira, mlikuwa na hofu tu, hofu tupu, ya kumhofia yeye. Kisha akaweka dole gumba kwenye ncha ya barette na kukandamiza. Tak. Kishikizo kimoja hakikuwa kimeingia hadi mwisho.

Akawasha. Feni, kimya kidogo, kioo.

Afande aliitazama ikifunguka. Aligusa kipanya, akafungua kitu, akafunga, akaguna. Ilikuwa inaenda mbio. Katungu alianza kuvuta pumzi. Ndipo Mnene, aliyesogea kuchungulia ndani ya mashine, akasema:

"Hii ya zamani ilikuwaka na rangi. Rangi ya mwanamuke. Iko wapi?"

Mkono wa Katungu ulitaka kushika pindo la kitenge na aliuzuia kwa nguvu zake zote. Sikuli alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye bisibisi zake.

"Vernis, eh. Ilikuwa imeshuka mpaka ku meno. Umeme haipite. Ndjo kusema inalia. Bibi yangu ameifuta."

"Ameifuta na nini?"

"Dissolvant."

Afande alimgeukia Katungu. "Lete mikono."

Akaileta. Afande alimshika viganja vyote viwili, akaviinua karibu na uso wake kama mtu anayenunua samaki na kutaka kujua ni wa leo au wa jana. Harufu kali ilikuwa imejaa hapo. Katungu alitazama chini, na chini aliona, kwenye pembe ya ukucha wa kidole kidogo cha kushoto, uzi mwembamba wa zambarau ambao pamba iliukosa. Akakikunja kile kidole polepole, kwa namna ya mkono wenye baridi. Afande alinusa, akaviacha viganja vikaanguka.

"Umefuta muzuri," alisema.

Kisha akaelekeza kidevu chake kwenye kioo, kwenye suti iliyopwaya na nguo nyeupe ya ubatizo. "Hawa munabajua?"

"Hapana, Afande," Sikuli alisema.

"Na weye, mama?"

Mtoto Igihozo alimkazia macho kutoka kwenye kioo. Siku ya ubatizo ule Katungu alikuwa amekaa benchi la tatu, na baadaye alipewa mapaja mawili ya kuku. "Hapana, Afande," alisema, na neno lile lilimchoma kuliko harufu ya dissolvant.

Mnene alifunga mashine kwa kamba. Malipo hayakutajwa. Afande aliitazama ile barette mpya mezani, na Sikuli akaeleza haraka kwamba mashine haikuweza kuisoma, ameweka ya kwake; Afande akamtupia kifuani: abaki nayo, ndiyo malipo yake. Haikuwa na faida, mashine ya kazi nayo ilikuwa ya zamani, isingeisoma kamwe. Sikuli akashukuru. Mlangoni yule mtu akakumbuka neno lingine.

"Ikilia tena, utanifuata kwangu. Barabara ya ku ziwa, nyuma ya ile dépôt ya mbao. Portail ya bleu."

Sauti ya pikipiki ikapotelea kwenye kelele za barabara. Mashine ya kazi ilikuwa wazi mezani, matundu yake mawili matupu. Katungu alifungua pindo la kitenge, akaweka barette ya nukta tatu juu ya meza.

"Ungeniuwa," Sikuli alisema.

"Ndiyo. Nilijua." Akalia kidogo, bila sauti. "Nisamehe, papa Prodige."

Sikuli aliichukua barette, akaigeuza huku na huku, akaisugua meno yake kwa kifutio bila sababu, mazoea tu. Alikuwa bado amejawa na hofu, na hofu ile ingekaa naye wiki nyingi, kila pikipiki inayopunguza mwendo mbele ya mlango. Lakini alimrudishia mkewe ile barette mkononi.

"Usipite na njia kubwa," alisema.

Uwitonze alikuwa uani kwake Mapendo, anakwangua sufuria. Gamelle ilikuwa imekwisha rudi kutoka safari ya siku hiyo, iko juu ya jiwe, imefungwa vile vile ilivyoondoka. Katungu hakuwa na maneno aliyoyapanga. Alifungua kiganja tu.

Uwitonze aliipokea. Alipitisha kidole kwenye nukta moja baada ya nyingine, kisha akamshika Katungu mkono, akautafuta uzi wa zambarau kwenye kidole kidogo, akaulinganisha.

"Mama Prodige," alisema, "umeitoa wapi?"

Katungu alimwambia. Dépôt ya mbao, lango la buluu. Alipokuwa akisema alitambua kwamba amemletea mwenzake njia ya kwenda mahali pabaya, na kwamba mtu akiuliza habari hizi zimetoka wapi hapatakuwa na wengi wa kufikiria. Alitaka kumwambia asubiri kesho, asubiri padri, asubiri wanaume. Uwitonze alikuwa amekwisha weka chakula motoni kukipasha, akamwita jirani amshike mtoto, akabadilisha kitambaa cha gamelle kwa kingine kisafi.

"Unionyeshe fasi tu," alisema. "Halafu urudie."

Katungu aliogopa kuliko alivyoogopa siku nzima, na akatangulia.

Lango lilikuwa refu, la buluu iliyochubuka, na katikati palikuwa na kidirisha cha bati. Katungu alisimama ng'ambo ya barabara kando ya rundo la mawe ya mlima, kitenge amekivuta hadi machoni. Aliziona pikipiki mbili zimeegeshwa kando ya ukuta na akazijua. Uwitonze alivuka peke yake, akagonga, akataja jina la mumewe, jina lote, la ubatizo na la baba, kwa sauti ambayo haikutetemeka, akanyosha gamelle.

Kidirisha kilifunguka. Katungu alikwisha ona akilini jinsi kingefungwa, jinsi Uwitonze angegeuka na mkono wake mzito, kama kwenye malango mengine yote.

Mkono ukatoka, ukapokea gamelle, ukaingia nayo ndani.